Cherehani Chini ya Kitanda cha Nyuma

Mdogo wangu kipenzi,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo. Mguu wako unaendeleaje? Sisi wazima, ila magoti yangu yananikumbusha umri kila nikiinuka.

Ile trela ya kulala ya marehemu shemeji yako imetoka uani! Unakumbuka? Mimi nawe kitanda cha nyuma, mvua inagonga bati, yeye anatuomba tuache kucheka alale. Mpaka leo inanukia sabuni yake.

Mkwe wangu ndiye aliyetaka kunileta kwako, aivute kwa gari lake jipya, lililoinuka juu, la ukubwa wa wastani. Alijigamba kwamba lingevuta hata nyumba nzima. Binti yangu fundi wa magari, ambaye mtaa mzima unampangia foleni (nisiposema mimi nani atasema?), akamwambia kuvuta si shida, baba watoto, shida ni kusimama kwenye mteremko. Akakagua breki za trela, akaipeleka kwenye mizani ya malori ikiwa na mizigo yake yote. Ikazidi uwezo wa gari. Nikashusha kabati na kitanda cha chuma huku nanung'unika.

Uzito ukakubali, mkwe akashangilia. Binti yangu akainua shingo ya trela, pale inaposhikana na gari, akakunja uso. Nyepesi mno. Akasema kuna kitu kizito nyuma, na trela ya hivyo ikishika kasi huyumba hadi ikaliangusha gari. Mimi nikajifanya natafuta miwani. Akaniambia ninayo usoni.

Chini ya kitanda cha nyuma akaikuta cherehani yangu, nimeiviringisha kwa koti la baba yake.

Mdogo wangu, nilikuambia nakuja wiki mbili. Nani anakwenda matembezi na cherehani? Kila asubuhi bado napika chai ya watu wawili, halafu kikombe kimoja namwaga. Nilikuwa nakuja kukaa kabisa, nikakosa ujasiri wa kumwambia yeyote, hata wewe.

Binti yangu aliisogeza cherehani mbele kidogo ya magurudumu, akaifunga kamba, akainua shingo tena, akaridhika. Kisha akalikung'uta koti, akalitundika mlangoni mwa trela, kwenye msumari wake wa zamani.

Tunaondoka Jumamosi, taratibu. Ukiwa na neno, nijibu mapema. Ukiwa huna, nifagilie tu pembe ya dirishani, cherehani inataka mwanga.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Dada yako,
Mama Fundi