Nyumba Kumi na Tisa za Miteja

Miteja, Kilwa
Mwezi 9 Mfungo Nane, 1325

Kwa kaka yangu mpendwa, Bakary bin Dadi, Unguja.

Shikamoo kaka. Nakusalimu salamu zisizo na idadi, nakuuliza hali yako na hali ya wifi yangu Ziada. Na hicho kifua chako kilichokuwa kikikusumbua, kimepoa? Sisi huku, mimi na wanangu wawili, tu wazima, alhamdulillahi. Ungetuona ungesema tumekonda, lakini sisi wenyewe tukitazamana twaona tumenenepa.

Mtama umeiva. Asubuhi ukungu hutanda juu ya mashamba mpaka jua lipande, na watu wakipita ndani yake unaona vichwa tu, vinaelea. Tangu turudi kutoka porini naishi kama mtu aliyeamshwa nusu. Nikisikia mtu anatwanga, najiuliza kama ni kinu cha leo au cha kabla ya vita. Mara nyingine namwona marehemu Huseni mume wangu akipalilia upande wa pili wa shamba, na jembe lake halitoi sauti. Siogopi. Namwacha apalilie.

Sasa nikupe habari ya mji. Unajua kwamba Jumbe Likwata alifia kifungoni mwaka ule wa vita. Tangu hapo tulikaa bila jumbe, wala hakuna aliyeutaka ujumbe, maana kazi yenyewe ni kuwatoa watu wakalime pamba ya Mdachi. Mwezi uliopita akida akaleta neno kwamba tumchague mmoja sisi wenyewe, la sivyo atatuletea mtu wake. Huyo mtu wake tulimwogopa zaidi.

Waliokubali kusimama ni wawili. Mmoja Yunusu, yule fundi wa majembe mwenye kigugumizi. Wa pili Salumu, mwana wa jirani yetu, uliyekuwa ukicheza naye bao. Salumu anajua kusema, tena watu wanampenda. Vita vilipokwisha aliingia porini siku nyingi kuwatafuta waliobaki huko. Jirani yangu Siti, ni Salumu aliyemrudisha kwa kumbeba mgongoni, kwani mwanamke huyo hakuweza tena kutembea. Siti alikuwa amewazika watoto wake wote wawili, wamekufa kwa njaa.

Hapa, kaka, nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Wakati wa vita, askari wa Mdachi walipokuja kutafuta maghala tuliyoyaficha msituni, mimi nilikuwa nachimba ming'oko, mizizi ya porini, tupate kula. Nikalala kifudifudi kichakani na wanangu. Nikaona wakimpitisha Salumu, kamba shingoni, na mama yake amefungwa nyuma yake. Salumu akanyoosha mkono akawaonyesha maghala ya mji. Yalichomwa yote matatu. Moshi wa mtama unanukia kama chakula. Mwanangu mdogo aliniuliza kwa kunong'ona nani anapika. Kisha Salumu akageuka, akaniona. Ghala letu dogo, mimi na Huseni, lilikuwa nyuma yangu, hatua chache tu. Tukatazamana, sijui kwa muda gani. Akawaambia askari kwamba huku hakuna kitu, wakaenda zao. Ghala lile ndilo lililotuvusha. Wana wa Siti hawakuvuka.

Basi siku ya kuchagua ikafika. Akida akakaa kitini uwanjani, Yunusu amesimama upande huu, Salumu upande ule, nasi tukaambiwa kila mtu akae nyuma ya amtakaye. Akida akasema watahesabiwa wanaume. Wanaume waliobaki Miteja, ukiwaacha hao wawili, walikuwa sita. Sisi wengine tulikuwa tumeketi kando na vibuyu vyetu vya maji, kama tuliokuja kutazama ngoma.

Siti akasimama. Alisema taratibu, bila kupaza sauti, "Bwana akida, nyumba yangu haina mwanamume. Nayo tuihesabu imekufa?"

Akida akaitazama karatasi yake ya kodi. Nyumba ya Siti imo. Nyumba yangu imo. Akaikunja, akaifungua tena, mwisho akasema basi, kila nyumba itoe mtu mmoja. Nyumba ni kumi na tisa, kaka, bila za hao wawili waliosimama. Wanaume sita, wanawake kumi na watatu. Jambo hilo sikupata kulisikia popote.

Wa kwanza kwenda alikuwa Siti. Akakaa nyuma ya Salumu, akatandaza kanga yake vizuri, akatulia. Wengine wakaenda mmoja mmoja, nyayo hazisikiki mchangani, na mimi nikiwatazama kama walio mbali sana. Nilipozinduka nilikuwa nimebaki peke yangu. Kwa Yunusu tisa, kwa Salumu tisa.

Salumu alinitazama. Hakuniomba kwa neno wala kwa ishara. Nikaenda nikakaa nyuma ya Yunusu.

Akida akahesabu mara mbili, akaandika. Yunusu akataka kushukuru, neno la kwanza likamkwama, nasi tukangoja wote mpaka likatoka.

Jioni Salumu akaja akasimama nje ya ua wangu. Akasema, "Mwahija, ghala lenu sikulionyesha."

"Najua. Wanangu wako hai kwa sababu yako."

"Basi kwa nini?"

Nikamjibu, "Wewe ulilazimishwa mara moja, nami nakuhurumia. Jumbe hulazimishwa kila siku."

Akabaki amesimama pale mpaka giza likaingia kati yetu, nisimwone tena uso. Kisha akaenda.

Wiki iliyofuata akida alitaka watu wanane wa shamba la pamba. Yunusu akaanza na jina lake mwenyewe. Akida akakataa, akasema jumbe halimi. Yunusu akenda akalima hivyo hivyo. Wa pili kujitoa alikuwa Salumu.

Na sasa ndiyo sababu ya barua hii. Salumu ameleta posa. Eda yangu ilikwisha zamani, na wewe ndiye walii wangu, kwa hiyo atakuandikia. Mimi simchukii, kaka. Tena siku hizi Huseni haji mara nyingi shambani, na nyumba inanielemea. Nikimfikiria Salumu akiingia mlangoni mwangu, sitetemeki. Lakini kila asubuhi Siti hupita hapa kuchukua moto, na humtaja Salumu kama mtu anayemtaja mwanawe.

Kwa hiyo mjibu hivi: dada yangu atakupa neno lake siku utakapokuwa umekwenda kwa Siti, ukamweleza kwa kinywa chako mwenyewe ulichokionyesha msituni. Wewe, kaka, usimlaumu Salumu, wala usimpe ahadi. Asipokwenda, hilo ndilo jibu.

Wifi Ziada msalimu sana, na wanao wote, na shangazi Martina ukimwona. Jumbe Yunusu anakusalimu. Ametumia muda kulisema jina lako, akalifikisha. Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akukutanishe nasi tungali tunatambuana.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mwahija binti Dadi