Mukono wa Kuume, Asubuhi ya Leo

Mbelu,

Bukari ya kula saa sita iko chini ya sahani. Chunga kaka yako Stany, yule anakulaka kama treni. Jaza bidon mbele ya maji kukatika. Mama yako akirudi ku soko, usimwambie... hapana, mwambie yote.

Asubuhi ulishika mukono wangu wa kuume kunisalimia, nikakusukuma mpaka ukagonga meza. Haukukosea. Mushipa wa ule mukono uliumia mu shimo ya mugodi mbele ya wewe kuzaliwa, na kampani ikasema ni uvivu. Sijasahau. Roho ikitulia, maumivu inalala. Lakini shefu alikuwa ametoka kunipigia simu: nisiponyamazisha wenzangu wanaodai haki yao, nisirudie kazini. Hasira ikapanda, mukono ukawaka kama uko ndani ya makala ya moto. Hata vidole vyako vilichoma.

Unabeba jina la mama yangu, ndiyo sababu nakuita mama tangu ulizaliwa. Basi leo mi nimesukuma mama yangu. Hiyo inauma kupita mushipa.

Naenda kumwambia shefu hatunyamazi. Jioni nitarudia mukono ukiwaka zaidi. Simama upande wa kushoto, mama, unishike kwa nguvu.

Mutoto wako, na baba yako,
Tata