Mwalimu, Walibomoa Paa Bila Kuomba

Mwalimu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, kisha nikasubiri kidogo kama mjinga. Leo ni Jumamosi, mvua imetutoa shambani mapema. Nimekaa nyuma ya banda la kahawa na buti zako miguuni. Mama Koku alinipa baada ya matanga yako. Zinanibana vidole, lakini sijamwambia.

Nianze na habari za kwako. Migomba ya upande wa bondeni, ile tuliyokuwa tunaiwekea nyasi, imebeba vizuri, miwili tumeiegemeza miti. Mbuzi mweupe amezaa. Mimi bado niko hapa. Mama yangu kule Kasulu anauliza nitarudi lini, nami namwambia kahawa ikiisha. Kahawa imeisha, sijarudi.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Vijana wako wa Jumapili wamekabidhiwa kwangu. Wazee wa kanisa walisema mimi ndiye niliyekaa nawe karibu. Niliwaambia shule niliiacha darasa la tano, wakasema hata Petro hakuwa na cheti. Basi nafuata njia yako. Tunasoma kisa mara mbili, tunafunga vitabu, mmoja anakisimulia kwa maneno yake na wengine wanamsahihisha. Halafu nauliza lile swali lako: wewe ungekuwa umesimama wapi? Kisha nanyamaza. Ulinifundisha, ukiniita kwa kabila langu kama kawaida yako, ukisema, "Muha, usijibu. Uliza, ukae kimya mpaka mtu akohoe." Anayekohoa ndiye mwenye neno. Mara nyingi imekuwa kweli.

Jumapili iliyopita tulifikia kisa cha yule mtu aliyepooza, aliyebebwa na watu wanne. Wakakuta nyumba aliyomo Yesu imejaa mpaka mlangoni, wakapanda juu, wakabomoa paa, wakamshusha na kitanda chake. Unakumbuka tulipokisoma na wewe? Swali liliponifikia nilisema ningekuwa mmoja wa wale wanne. Ukayatazama mabega yangu, ukacheka, ukasema hilo halina ubishi.

Safari hii Edina alisema angekuwa mwenye nyumba. Angegomba kwanza, halafu amwone mgonjwa ndipo aone aibu. Jonasi akasema yeye ni wa umati wa mlangoni, maana hata misibani hakai mbali na jiko. Wakamcheka. Ndipo Koku wako akauliza kama hao wanne waliomba ruhusa kabla ya kubomoa. Jonasi akamwambia, "Wangeomba, dada, wangeambiwa walete kwanza barua ya mwenyekiti wa kitongoji." Wakacheka wote. Koku naye alicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Mimi sikucheka, na wewe unajua kwa nini. Wale vibarua wenzangu watatu wa Ngara, niliokuwa nao siku ile, wamerudi kwao. Hapa tuliobaki na habari ile ni mimi na mke wa mzee Kaganda, naye hajawahi kuisema.

Asubuhi ile uliposhika kifua ukaanguka kwenye migomba, pikipiki ilikwama kwenye utelezi chini ya kilima. Hata ingefika, usingeweza kukaa juu yake. Engozi ilikuwa inaning'inia barazani kwa mzee Kaganda hapo jirani, kile kitanda cha kusuka ambacho chama chenu kinakitunza kwa kubebea wagonjwa. Niliinua mkono nikaifikia. Na sisi tulikuwa wanne, Mwalimu. Wanne kamili, wenye nguvu, tumesimama pale.

Lakini hatukuwa kwenye daftari la chama. Vibarua waliwahi kuichukua wakabebea ndizi, mti wake mmoja wa kubebea ukavunjika, mkaweka sheria kwamba asiye mwanachama asiiguse. Mzee Kaganda alikuwa amekwenda Omurushaka. Ningependa kusema kwamba mke wake alinikataza. Hakunikataza. Alisema tu, kwa upole, kwamba zamu ya kubeba ni ya watu wa upande wa chini na kuna mtu ameshatumwa kuwaita. Nikasema sawa mama. Nikashusha mkono.

Nikarudi kukukinga na jani la mgomba. Mvua ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Ukafumbua macho, ukauliza, "Muha, mnangoja nini?"

Nikasema, "Wenye zamu, Mwalimu."

Ukasema, "Haya." Ukafumba macho.

Hiyo "haya" yako inanimaliza. Nimeigeuza kila upande. Ulikuwa unanielewa? Ulikuwa umechoka tu? Au na wewe, mwandishi wa chama, uliyeiandika sheria ile kwa mkono wako, ulishindwa kusema tuivunje kwa ajili yako? Ungeniambia nyanyua tu, ningenyanyua. Naona naanza kukulaumu. Nisamehe. Mkono ulikuwa wangu.

Wenye zamu walipofika, walikuwa watatu. Wakanipa mti wa mbele. Wale walikuwa wanabadilisha bega kila wakichoka, mimi sikubadilisha, na ulikata roho kabla hatujaiona barabara ya Nyaishozi. Msibani bega langu lilisifiwa na kila mtu. Mama Koku akanipa buti. Chama kikaniandika kwenye daftari, mimi Muha wa kwanza. Sifa zote nilizipokea, nikala na chakula.

Basi Jumapili, kicheko kilipoisha, nilikaa kimya kama ulivyonifundisha, na aliyekohoa ni mimi. Nikawaambia yote, engozi ilipokuwa, tulivyokuwa wanne. Nikasema sikuwa miongoni mwa wale wa kwenye paa, mimi nilibaki chini nikilitazama. Jonasi aliinamisha kichwa. Edina akaanza kusema kwamba huenda usingepona hata tungewahi, kisha akaacha katikati. Labda ni kweli. Labda ungefia kwenye kitanda cha kituo cha afya badala ya njiani. Wa kuniambia hayupo.

Koku hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Baba alijua kwamba mnangoja?"

Nikanyamaza. Safari hii haikuwa njia yako ya kufundisha. Alisubiri, Mwalimu. Alinisubiri kama ulivyokuwa ukitusubiri sisi, na hakuna aliyekohoa. Mwisho akachukua Biblia yako akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hapiti njia ya bandani. Mama Koku bado anaitikia salamu zangu. Sijui kama ameshaambiwa, na kila anapoitikia nachoka zaidi.

Sijui la kufanya ambalo lingekufaa wewe. Kupalilia najua, kubeba najua. Hili halibebeki.

Kesho tunakisoma tena kisa kilekile. Koku akija, nitamjibu mbele ya wenzake. Ulinikataza kujibu, lakini hili nitalijibu. Nitamwambia ulijua, uliuliza, na nilikuambia nini, na kwamba ile "haya" yako siielewi mpaka leo. Asipokuja, nitamfuata nyumbani, nivue buti zako mlangoni, niseme hapo hapo mama yake akisikia. Wakinifukuza, nitakwenda Kasulu miguu mitupu. Wakiniacha, nitaendelea kuweka nyasi.

Pumzika, Mwalimu. Nakuahidi hili moja tu, maana ndilo ninaloliweza. Kesho sitamngoja mwenye zamu.

Muha wako