X Yangu Iko na Mkia

Jumanne, 2 Septemba

Nimehamia Kawangware! Godoro, sufuria mbili, ndoo ya brashi. Basi. Nyumba namba nane kwa ploti ya Wakarima, ghorofa ya kwanza. Choo iko chini, tap iko chini, jirani anakaanga omena kila saa. Lakini dirisha — dirisha ni tamu. Inaangalia moja kwa moja geti ya Gathogo. Geti ya green, vyuma za dhahabu juu, utadhani ni ya mbunge.

Nilizungushwa nyumba kumi na moja nikikataa. Wakarima, landlady, akachoka. Akaniuliza kwani natafuta nyumba ama natafuta mtu? Nikasema natafuta view.

"View ya nini, wee! Ya mtaro?"

Nikacheka na yeye. Kwa roho nikasema, ya adui, mama. Ya adui.

Jumatano, 3 Septemba

Sijazoea hii barabara. Gatwekera, kule nimetoka, mlango wako NI barabara. Ukifungua, kuna mtu anapita na jerikeni, mguu yake karibu iko kwa sufuria yako, na lazima msalimiane. Hapa kuna geti, halafu korido, halafu mlango, halafu kufuli, halafu kufuli ingine. Watu wanapanda ngazi wakiangalia simu. Leo nimesema "niaje" kwa watu wanne. Mmoja amejibu. Alikuwa anaongea na mtu kwa earphone.

Gatwekera nikikohoa, jirani yangu Mwaitu Kavindu — mwaitu ni mama kwa Kikamba — anasema "pole" kutoka nyumba yake, kupitia mabati. Hata kama amelala. Hapa nimekohoa, jirani akaongeza TV.

Alikuwa anasema. Hakuna mabati saa hii. Hakuna kitu hapo, ni kokoto na tingatinga imepaki.

Alhamisi, 4 Septemba

Tumekutana!! Nilikuwa nanunua viazi kwa njia ya kuenda steji ya 56, nikasikia nyuma yangu, "Msanii wangu!" Gathogo. Shati imenyooshwa, meno zote nje. Ameniambia karibu, ati huku ndio kuna maisha, ati nilikuwa nafanya nini kule kwa matope. Halafu akaniinamia kama mtu ana siri, akasema nisimkasirikie. "Ningekuambia ukweli, ungechora?"

Na akacheka! Akanigonga bega! Nikasimama na viazi zangu kama fala.

Sawa. Wacha niandike yote mara moja, hii kitabu haina mdomo.

Mwezi wa sita Gathogo alikuja Gatwekera, ati ametumwa na watu wa barabara, kutafuta mtu anajua brashi. Akapewa jina yangu. Mimi sijafunzwa na mtu, nilijifunza nikicopy mabango za kinyozi na za hoteli nikitoka shule, na kila herufi yangu nikimaliza mkono inaruka juu kidogo, inaacha kamkia. Customer wanapenda. Akanipea rangi nyekundu, helmeti, mask, jaketi ya reflekta, na list. Akasema barabara inapita hapa, na kila mlango iko kwa list ipigwe X. Mi si mjinga, nikamuuliza, X si ni ya kubomolewa? Akasema hapana, hiyo ilikuwa zamani. Safari hii X ni ya kubaki. Zile hazina X ndio zinaenda. Na nisiambie mtu, watapigania rangi.

Nikachora Jumapili, watu wakiwa kanisa. Nani anauliza mtu wa reflekta kitu? Nilipitwa na watu wananijua tangu nikiwa class three. Mwaitu Kavindu mwenyewe alinipita na Biblia, akaniambia, "Kijana wa serikali, usimwage rangi kwa nguo zangu."

Niliona ni mchezo, manze. Nilikuwa nacheka ndani ya mask.

Wiki mbili. Halafu tingatinga. Zile ziliangushwa ni zile za X. Zote. Kwa mkono wangu.

Gathogo atalipa. Si pesa. Nataka alale kwa nyumba iko na X. Nataka aishi nayo. Aione akitoka, aione akirudi.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeshinda Kongo, hapa tu Kawangware, nikichorea mtu wa nyama ukuta. Ng'ombe imetoka inacheka, mwenyewe amefurahi.

Mwaitu Kavindu amepiga simu mara tatu. Sijashika. Nitampigia.

Kwa ndoo, chini ya magazeti — reflekta bado iko. Helmeti iko. Mkebe ya rangi haijafika nusu. Inatosha ukuta moja.

Kesho ni Jumapili.

Jumapili, 7 Septemba

NIMEFANYA.

Saa nne na nusu asubuhi. Kanisa zote zimefungulia spika, barabara imebaki na kuku na watoto. Nimetoka na reflekta, helmeti, mask, na karatasi mkononi — karatasi ndio muhimu, ukishika karatasi wewe ni ofisi. Watchman wa Gathogo ameniangalia. Nikaangalia ukuta, nikaangalia karatasi, nikatingisha kichwa kama mtu anahurumia. Akaniuliza kuna nini? Nikafungua mkebe. Watu wa ofisi hawajibungi.

Kushoto juu mpaka kulia chini, shwaa. Kulia juu mpaka kushoto chini, shwaa. Kubwa kuliko mimi. Halafu ingine upande ya pili ya geti. Dakika nne. Nikatembea polepole mpaka kona, nikazunguka nyuma ya posho mill, nikavua kila kitu, nikarudi na maziwa packet moja kama mtu wa kawaida.

Gathogo alirudi kutoka kanisa saa saba, yeye na bibi yake Beth na gari. Gari ikasimama mbali. Akashuka. Akakaribia pole pole, mkono kwa kichwa. Aki alikuwa mfupi!

Nilikuwa kwa dirisha na chai. Sijawahi kunywa chai tamu hivyo.

Jumatatu, 8 Septemba

Mtaa mzima ni hiyo story tu. Wakarima ameshinda kwa geti yake, mikono kwa kiuno, anasema barabara inapita ya Gathogo lakini ya kwake haifiki, amepimia na macho.

Gathogo ameenda ofisi tatu. Kila mahali wanamwambia file haiko hapa, jaribu kule. Si unajua! Kama file haiko, haimaanishi X si ya ukweli. Anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Ndio raha yenyewe. Mtu mwingine angefuta. Yeye anaogopa, juu anajua vile inafanywanga.

Jumatano, 10 Septemba

Tenants wa Gathogo wanahama. Mkokoteni ya kwanza ilikuja asubuhi. Halafu ingine. Sofa, meko, kitanda imefungwa na kamba. Kuna mama ametoka na mtoto mgongoni na TV kifuani, hana mkono ya kufungua geti. Nilimwangalia. Nikasema, atapata ingine. Kawangware nyumba ni mingi.

Gathogo anawabembeleza hapo kwa barabara. "Ngojeni kidogo, mimi nawaambia hiyo X si ya kubomoa!" Fundi mmoja wa sofa amemjibu, "Mzae, sasa ni ya nini? Ya mapambo?" Watu wakaangua kicheko. Na mimi. Nimecheka mpaka machozi.

Halafu nimekaa chini.

"Hiyo X si ya kubomoa." Mi nilisema hiyo maneno pia.

Sawa, niandike na hii. Mlango wa Mwaitu Kavindu haikuwa kwa list. Yangu pia haikuwa. List iliisha nyumba mbili kabla yetu. Nikaona rangi imebaki, nikasema, kwani sisi tusibaki? Nikapiga yangu moja, safi. Halafu yake. Yake nilipiga polepole kuliko zote, niliipenda, nilirudia mkia mara mbili. Watu walipoanza kuhama, nilimwambia chini ya maji, sisi wawili tu, Mwaitu, usihame, nimesikia X ni ya kubaki. Aliniamini. Alishona mpaka siku yenyewe. Cherehani ilikuwa ndani.

Tingatinga haisomi list. Inasoma rangi.

Lakini ni nani alinidanganya? Gathogo. Basi. Gathogo!

Mwaitu amepiga tena leo. Sijashika.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Mkokoteni ya asubuhi, kwa geti ya Gathogo. Godoro. Meza. Halafu cherehani, imefungwa na leso ya blue. Hiyo leso naijua. Nyuma yake, na kofia ya sweta — Mwaitu Kavindu.

Anatoka kwa ploti ya Gathogo. ALIKUWA TENANT WAKE.

Nilishuka ngazi sijui kama nilivaa viatu. Aliniona akapiga mayowe ya furaha. Akaniambia, wewe mtoto, nimekupigia simu mpaka kidole inauma! Kumbe alihamia Jumamosi. Watu wa kanisa walimnunulia cherehani mpya, wakamtafutia nyumba huku ya nyuma, bei rahisi, na akasikia kwa mtu ati Ndanu pia amehamia Kawangware. Alikuwa ananipigia aniambie sisi ni majirani tena.

Siku moja. Alilala hapo siku moja, akaenda kanisa, akarudi akapata X.

"Hii kitu inanifuata, Ndanu. Sasa nimefanya nini?"

Nikasema aje kwangu. Ningesema nini? Tumepandisha cherehani kwa ngazi, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba uzito yote. Wakarima ameuliza kama huyo ni mgeni wa kulala. Nikasema ni mama yangu. Akasema, na kwa nini hamfanani?

Jumamosi, 13 Septemba

Ameweka cherehani kwa dirisha, anasema kuna mwangaza. Ameshona asubuhi yote, uniform za shule. Nimekohoa — vumbi — akasema "pole" bila kuinua kichwa. Nikatoka nje nikasimama kwa korido.

Niliporudi cherehani ilikuwa imenyamaza. Anaangalia ng'ambo. Ukuta ya Gathogo.

Akaniita. "Ndanu, kuja uone. Hiyo ni ile yangu."

Nikamwambia X zote ni sawa, Mwaitu. Akacheka kidogo. Akasema yeye hasomi, hiyo najua, lakini amekaa na mafundi miaka thelathini, ukimwonyesha mshono anakwambia ni wa nani. Na ile ya mlango wake alikaa nayo wiki mbili. Alikuwa anaifungua na kuifunga. Akachora kwa hewa na kidole: kushoto juu, shwaa, na huku chini mkono inaruka. "Huyu mtu akimaliza, anafunga uzi."

Reflekta iko nyuma ya mlango, ndani ya karatasi ya nylon. Nyeusi, lakini inaonyesha.

Nimemuuliza, kama si serikali, ni mtu anacheza tu, akimpata atamfanya nini? Nilitaka aseme atampiga.

Akasema, "Simpigi. Nitamkalisha kwa mlango yake, mahali analala, nimwambie tu vile niliambiwa. Usihame. X ni ya kubaki."

Akarudi kwa cherehani.

Hakuniangalia akisema. Ama aliniangalia? Sijui! Nimeandika hiyo line mara tatu nikifuta.

Jumapili, 14 Septemba

Hajaenda kanisa. Mwaitu Kavindu! Haendi kanisa!

Gathogo amekuja asubuhi mpaka chini ya ngazi yetu. Amekonda, aki ya Mungu, shati haijapigwa pasi. Anaomba nifute. Amechoka, bora afute kuliko akae na nyumba tupu, kama ni serikali wakuje waandike tena. "Msanii wangu, wewe ndio unajua hii rangi." Nilikuwa nimengoja hiyo. Mimi nimesimama juu, yeye amesimama chini ya ngazi, ananiomba! Nilikuwa na maneno yangu tayari tangu Alhamisi ile. Ningekuambia ukweli, ungelala? Hiyo.

Mdomo ikafunguka, Mwaitu akaongea kwanza, kutoka ndani. Amemwambia aende angoje. Haifutwi leo. Ni ya kuangaliwa.

Gathogo akauliza, ya kuangaliwa na nani, mama?

"Na mimi."

Akaenda! Hata hakubishana.

Halafu Mwaitu akafunga mlango. Amepasua katoni ya sabuni, ameiweka sakafuni. Ametoa mkebe kwa ndoo yangu, ile ile, ya nyekundu, amefungua kifuniko na makasi yake. Amepanga brashi tatu, ati sijui wewe unatumianga gani.

"Mtaa huu uko na wachoraji watatu," akasema. "Nitaanza na wewe, juu wewe ni mtoto wangu. Nichoree X. Moja tu."

Nikasema naenda choo kwanza.

Niko choo. Nimekuja na kitabu kwa sweta. Mtu ananigongea mlango, nimemwambia angoje. Nimejaribu kwa ukuta na kidole yenye maji. Kulia kwanza, badala ya kushoto. Polepole. Kusimamisha mkono chini, isiruke. Mara ya kwanza imeruka. Mara ya pili imeruka. Nimeshika kifundo na mkono ile ingine — imeruka, ndogo, lakini iko.

Huyo mtu ameenda kugonga choo ingine.

Gathogo bado yuko hapo nje, nasikia anaongea na Wakarima, anacheka kidogo hata. Ningetoka niseme ni yeye. Ni yeye! Yeye ndio alinipea mkebe. Lakini list ilikuwa ya kwake, na mlango wa Mwaitu haikuwa kwa list.

Mwaitu ananiita kutoka juu. Si sauti ya hasira. Ile ya mabati, ile ya pole.

"Ndanu! Rangi inakauka."