Mzizi Uliobaki Tayani

Omera, ndugu yangu Okello,

Ni mimi Otieno, jirani yako wa Turwa, na safari hii nimekuja na habari za meno. Usicheke kwanza.

Tangu tukuzike, mwanangu Daudi amenunua karasha. Anawasagia wachimbaji mawe ya dhahabu kutwa nzima, na sasa anajiona tajiri. Ameyachoka meno yangu ya kubandika, hasa baada ya kunidondokea kwenye bakuli la mboga mbele ya wakwe zake. Akasema nikawekewe ya kudumu, yale yanayofungwa kwa skrubu kwenye mfupa wa taya. Tukaenda Mwanza.

Daktari hakugusa kitu kabla ya picha. Siyo eksirei kama ile uliyopigwa kifua. Hapa unasimama, unaweka kidevu mahali pake, unauma kijiti cha plastiki, halafu mashine inakuzunguka kichwa. Dada wa mashine akaniamkia, kisha akasema, "Mzee, usitikisike hata kidogo, picha itaharibika."

Okello, maneno hayo nayajua. Ndivyo tulivyoambiwa mimi na wewe siku ile, tukiwa watoto, tulipong'olewa meno sita ya chini kama desturi yetu Waluo ilivyotaka. Safari hii sikutikisika.

Kwenye kompyuta daktari akaligeuza taya langu juu, chini na ubavuni, utadhani ameshika kiazi mkononi. Akapima kama mfupa unatosha kubeba skrubu. Akanionyesha unapopita mshipa wa fahamu, usije ukaguswa. Kisha akasogeza uso karibu na kioo. Palikuwa na kipande cheupe kimelala ndani ya mfupa.

"Mzee, huu ni mzizi. Jino lilivunjika likiwa linang'olewa. Nadhani ulitikisika."

Wewe ulikuwepo, uliona. Nilikaa wa kwanza. Lilipofika jino la mwisho nikavuta kichwa, nikapiga yowe, likakatika. Ukakaa wewe, wala hukufumba macho. Tulipotoka nje watu wakauliza ni nani aliyelia. Vinywa vyetu vilijaa damu, hakuna aliyeweza kusema. Nikanyoosha kidole kwako.

Kidole tu, basi. Ukaitwa Mlia Jino hadi uzeeni. Kule machimboni walikutania kwa jina hilo kila ulipokuwa unashuka shimoni, kule duarani, na mimi niliyelia nimekaa zangu juu nimeshika kamba. Hukuwahi kunisema, hata tulipogombana. Siku tuliyokuzika mtu aliitoa tena hadithi ile, waombolezaji wakacheka, nami nikacheka nao. Naona aibu, Okello. Naona aibu sana.

Picha nilipewa kwenye flashi, nikaenda kuichapisha kubwa pale Bomani. Mama wa duka aliniuliza kama ni ramani ya mgodi. Sasa ipo chini ya godoro langu. Daudi anataka nipasuliwe wiki hii hii, mzizi utolewe na skrubu ziingie. Nimemkatalia. Amenuna, anadhani naogopa kisu, na mimi sijamweleza. Najijua vizuri. Mzizi ukishatupwa na nikishakuwa na meno ya kuchekea, nitapata sababu ya kunyamaza tena.

Jumamosi mkeo, shemeji Roza, anakujengea kaburi. Wajukuu zako watakuwepo, wale wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari pia, na hadithi itatolewa tu, unawajua watu wetu. Nimemwomba shemeji anipe nafasi ya kusema, akadhani nataka kuomba dua. Nakuahidi nitasimama na pengo langu hili hili, nitawaonyesha ile picha, na kila mtu aliyekucheka atauona mzizi kwa macho yake.

Lala salama, omera. Watauliza tena ni nani aliyelia. Kidole ni kile kile, na safari hii nitajielekezea mwenyewe.

Otieno