Ndoo ya Ulezi na Ramani ya Soko

Marahaba, mjukuu wangu Sabina,

Huku Sumbawanga hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna mahindi. Umeniuliza, kwa ajili ya ramani unayoichora, katikati ya mji papangwe vipi ili watu watembee kwa miguu.

Serikali iliporuhusu biashara huria, nikiwa msichana muuza ulezi, afisa ardhi alitaka kulihamishia soko letu mbali na nyumba. Nikamtwika ndoo yangu iliyojaa ulezi. "Haya, bwana, twende huko sokoni kwako." Wanawake wakamsindikiza kwa vigelegele. Kufika kwa fundi viatu, hata nusu ya njia bado, akaitua, akajishika shingo, akacheka. "Basi, dada. Soko liwe hapa hapa." Mpaka leo nyumba zetu zina maduka mbele, vyumba vya kulala nyuma, na watu huenda sokoni kwa miguu.

Ndoo ile bado ninayo. Ukija likizo, njoo na ramani yako.

Bibi yako