Jino la Nyangumi Lilipokewa, Mimi Bado Natetemeka

Mpendwa Shangazi Titilia,

Naomba unisaidie, maana nyumbani siwezi kulisema hili. Nimemaliza shule mwaka huu, naishi na wazazi wangu kijijini, katika kisiwa cha Vanua Levu. Nilipokuwa na miaka saba baba mdogo Eroni alilewa akanipiga mpaka mkono ukavunjika, kisa nilimwaga chai yake, na kesho yake akaja kwa magoti na jino la nyangumi kumwomba baba msamaha, kama desturi yetu ilivyo, baba akalipokea, na tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kulitaja jambo lile.

Ila mimi nimeshindwa kulisahau. Mwanamume akipaza sauti, hata mhubiri kanisani, mikono hutetemeka na machozi hunitoka. Binamu yangu Kelera hunitania, "We Merewalesi, nani atakuoa? Mume akipiga chafya tu, utajificha chini ya mkeka." Wote hucheka, nami hucheka nao. Sasa baba mdogo anakuja Krismasi, ameacha pombe, na mama anataka nimpelekee chai ili aone sina kinyongo. Nilipokataa akasema, "Mwanangu, jino lilishapokelewa. Unataka kumwaibisha baba yako?" Shangazi, je, nina roho mbaya? Nimeomba sana niweze kusamehe, lakini mikono hainisikii.

Merewalesi

Merewalesi mwanangu,

Pole sana. Nikukemee kidogo kwanza: acha kucheka wanapokucheka, maana wataamini huumii.

Huna roho mbaya. Mtoto akiumizwa na mtu wa nyumbani, mfupa huunga lakini hofu hubaki mwilini mpaka ukubwani. Hilo ni jeraha, si kinyongo. Desturi yetu naiheshimu, na jino lile liliwazuia ndugu wawili wasichukiane. Lakini lilitoka kwa Eroni likaenda kwa baba yako. Wewe ulikuwa mtoto tu, mkono umevunjika, na hakuna aliyekuuliza neno.

Chai usipeleke. Mkiwa wawili tu mnasuka mikeka, mwambie mama habari za mikono yako kama ulivyoniandikia. Asipokuelewa, Krismasi kalale kwa bibi yako. Kisha nenda zahanati, mwombe muuguzi akutafutie mtu wa kuzungumza naye. Haya hupona, ingawa polepole.

Na Eroni, kama kweli amebadilika, aje akae chini mbele yako, siku utakayotaka wewe. Safari hii wa kukubali au kukataa ni wewe, si baba yako.